Mfuko wa Salfa na Meza ya Wajane

Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7



Msimu wa kupuliza mikorosho unapokaribia, mazungumzo ya watu wetu huwa ni moja tu: salfa. Je, imefika? Chama cha msingi kimepata mifuko mingapi? Nani jina lake limo, na nani halimo? Hata Jumapili baada ya ibada, watu wakisimama chini ya mwembe hawazungumzii mahubiri waliyoyasikia sasa hivi, huzungumzia salfa. Hatuwalaumu. Tumeona heri tuwafuate hapo hapo chini ya mwembe, tuzungumze nao habari hiyo hiyo, kwa maana si habari ya shamba tu. Mitume wa Bwana wetu nao ilipata kuwasumbua.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Serikali inapolipa sehemu ya bei ya kitu ili mwananchi akipate kwa bei nafuu au bure, twasema imetoa ruzuku. Lakini wazee wetu wa pwani walikuwa na neno hilo kabla ya Serikali yo yote. Wao husema Mungu humruzuku mja wake, yaani humpa riziki yake. Ruzuku na riziki ni ndugu, mzizi wao mmoja. Kwa hiyo mtu anayeshika daftari la kugawa ruzuku, akijua asijue, ameshika kazi inayofanana na kazi ya Mungu. Kazi hiyo haifai kushikwa kwa mkono mchafu.

Sasa tuliangalie somo. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa, lenye upendo mwingi. Watu waliweka mali zao pamoja, na kila siku wajane waligawiwa chakula. Lakini yakatokea manung'uniko. Waumini waliosema Kiyunani waliona kwamba wajane wao wanasahauliwa, na wale wa Kiebrania wanapata. Luka, aliyeiandika habari hii, hakuificha. Angaliweza kuandika kwamba Kanisa la kwanza halikuwa na doa. Ameandika kwamba lilikuwa na meza, na kwamba kwenye meza hiyo watu fulani walirukwa.

Mitume walifanyaje? Mbele yao kulikuwa na njia mbili rahisi. Njia ya kwanza ni kunyamaza, wakawaambia wanung'unikao wawe na subira, maana waliozoea kupata wasingependa mabadiliko. Njia ya pili ni kuifunga meza, wakasema kwamba kwa kuwa ugawaji umeleta ugomvi, basi kila mtu ajitegemee. Hawakufuata hata moja. Waliita mkutano wa wote, wakaeleza shida wazi, wakawataka watu wenyewe wachague wanaume saba wenye sifa njema, wenye Roho na hekima, waisimamie kazi hiyo. Tena tazameni majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Yaani daftari lilikabidhiwa kwa watu wa upande ule uliosahauliwa. Na Luka anamaliza kwa kusema kwamba baada ya hapo neno la Mungu likaenea. Meza ilipotengenezwa, mahubiri nayo yakapata nguvu.

Neno letu kwenu mwezi huu ndilo hilo. Ruzuku ikiharibika, dawa yake si kuiacha ilivyo, wala si kuifunga tu. Dawa ni kuutengeneza mkono unaogawa, kwa kuanzia na yule aliyesahauliwa. Nchi yetu imejaribu njia zote, nasi tuna mengi ya kujifunza.

Wazee watakumbuka sembe. Baada ya ukame wa miaka ya 1973 na 1974, unga wa sembe uliuzwa kwa bei ya chini kwa sababu Serikali ilibeba sehemu ya gharama, na Shirika la Usagishaji la Taifa ndilo lililofanya kazi hiyo. Nia ilikuwa njema. Lakini sembe ile ya bei nafuu iliwafikia hasa watu wa miji. Mkulima wa Kilwa aliyekula muhogo wake na mtama wake aliisikia zaidi redioni kuliko kuiona chunguni, na huku bei ya mahindi ya mkulima nayo ilipangwa na Serikali hiyo hiyo. Mzigo ukawa mkubwa, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na katika bajeti ya mwaka 1984 ruzuku ya sembe ikaondolewa. Kima cha chini cha mshahara kiliongezwa ili kupunguza makali. Lakini je, yule asiyekuwa na mshahara? Mjane wa mjini aliyeuza maandazi hakuwa na kima cha juu wala cha chini. Meza ilikuwa imewekwa mbali na wengi tangu mwanzo, na siku ilipoondolewa, waliofikiriwa ni wale ambao majina yao yalikuwa tayari katika vitabu vya mishahara.

Habari ya pili ni ya mafuta ya taa. Kwa miaka mingi ushuru wake uliwekwa chini, kwa kuwa ndiyo mafuta ya kibatari, ya nyumba isiyo na umeme. Huo nao ni msaada kwa maskini, ingawa haukuitwa ruzuku. Wakatokea wafanyabiashara waliochanganya mafuta ya taa na dizeli ili wapate faida, na watu wakaita uovu huo uchakachuaji. Katika bajeti ya mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili kuchanganya kusiwe na faida tena. Njia ya wachakachuaji iliharibiwa, ni kweli. Lakini nani aliyelipa? Ni bibi wa kijijini aliyenunua kwa kipimo cha chupa ndogo, na mtoto aliyesoma kwa kibatari. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa aliyechuma janga hakula sana, waliokula zaidi ni jirani zake maskini. Ndugu, mtu anayeiba katika msaada wa maskini huiba mara mbili. Huiba kile alichochukua, tena humpa mtawala sababu ya kuufunga mlango kwa wote.

Habari ya tatu ni ya vocha. Ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hatua kwa hatua tangu mwanzo wa miaka ya 1990, hata ikaisha mwaka 1994. Baadaye Serikali iliona wakulima wengi wameacha kutumia mbolea. Ndipo tangu mwaka 2008 hadi 2014 ukaja mpango wa vocha za pembejeo, kwa mahindi na mpunga. Mtu akisoma masharti yake atadhani yameandikwa na mtu aliyekuwa na Matendo sura ya 6 mezani pake. Mkutano wa kijiji uchague kamati, wanawake na wanaume kwa idadi sawa. Apewe mkulima mdogo, asiyezidi hekta moja ya mahindi au mpunga. Nyumba inayoongozwa na mwanamke itangulizwe. Mkulima alipe nusu, na vocha imlipie nusu nyingine.

Masharti mazuri. Lakini uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro ulikuta kwamba kiasi cha asilimia 60 ya vocha ziliingia katika nyumba za viongozi waliochaguliwa vijijini. Na ile nusu ya bei, ambayo kwa mwenye uwezo ni nafuu, kwa mjane ni ukuta, maana nusu ya kitu usichoweza kukinunua bado ni kitu usichoweza kukinunua. Sheria nzuri haitoshi, ndugu. Daftari halijiandiki lenyewe. Huandikwa na mkono, na mkono hufuata moyo.

Sasa turudi nyumbani kwenye mikorosho, kwa maana huku ndiko tunakoshitakiwa sisi wenyewe.

Wenye umri watakumbuka tulivyoanguka. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishwa wakaacha mikorosho porini, bei ilikuwa mbaya, na ukaingia ugonjwa wa ubwiri unga, ule unaolipaka ua changa vumbi jeupe na kulikausha. Dawa iliyotuinua ni salfa. Kipimo tulichofundishwa ni robo kilo kwa mti kila mpulizo, mara tano kwa msimu. Hesabu ni rahisi: mti mmoja hutaka kilo moja na robo. Mjane mwenye mikorosho 20 hutaka kilo 25, yaani mfuko mmoja tu kwa msimu mzima.

Na fedha ya salfa hutoka wapi? Wengine hudhani ni mali ya mbali, isiyo na mwenyewe. La. Korosho ghafi zikiuzwa nje hutozwa ushuru, na hadi mwaka 2018 asilimia 65 ya ushuru huo ilirudishwa kuliendeleza zao lenyewe. Mwaka huo sheria ilibadilishwa, fedha yote ikaingia katika mfuko mkuu wa Serikali, na wabunge wa kusini waliteta sana Bungeni. Hatusemi hapa nani alikuwa na haki. Twasema tu kwamba kila mmoja alijua fedha ile imetoka katika mikorosho ya nani. Miaka ya karibuni salfa imegawiwa tena bila malipo kwa wakulima walioandikishwa, kila mtu kwa hesabu ya miti yake, kupitia vyama vya msingi. Na korosho zimeongezeka, hata msimu wa 2024/25 nchi ikavuka tani 500,000.

Basi hapo ndipo penye jaribu. Mfuko ukitolewa kwa hesabu ya miti, mtu mwenye miti 50 aweza kuandika 150. Mtu aweza kumwandikisha mtoto aliye Dar es Salaam, au marehemu. Mifuko inayozidi huuzwa usiku, husafirishwa kwa pikipiki, na kesho yake mjane mwenye miti 20 huambiwa kwamba mgao umekwisha. Hapigwi wala hatukanwi. Huambiwa tu kwa upole arudi wiki ijayo. Lakini ua la mkorosho halingoji wiki ijayo. Ubwiri ukishaingia, salfa itakayokuja baadaye ni ya kutazama tu. Na mwezi wa Oktoba, wengine wakipeleka magunia ghalani, yeye atapeleka ndoo. Ada ya mtoto itatoka wapi?

Tusidhani kwamba hao wanaofanya hivi ni wapagani wasiomjua Mungu. Sisi Wakristo tu wachache katika pwani hii ya Kilwa, tumezungukwa na ndugu zetu Waislamu, watu wa sala na wa sadaka. Wakituona tunapokea Ekaristi Jumapili na kuuza salfa ya wizi Jumatatu, tutawahubiria nini?

Na wala tusiwatazame wakulima peke yao. Baada ya mvua kubwa za Januari 2020, zilizofurika na kuua watu katika mkoa wetu wa Lindi, mtaa wetu nao ulikusanya unga na nguo kwa ajili ya waliopoteza nyumba. Orodha tuliiandika jioni moja, barazani pa kanisa, sisi tuliokuwapo. Hatukuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini tuliandika tuliowajua, na tuliowajua ni wale wanaokaa karibu na kanisa na kuja kila Jumapili. Ilipita karibu mwezi mzima ndipo tukasikia habari za mama mmoja, ng'ambo ya bonde, aliyekuwa akilala na wajukuu wake chini ya mkeka uliofungwa kwenye miti. Tulipomwendea kwa haya, hakutulaumu. Alituuliza kama unga umebaki. Haukubaki. Tangu siku ile tukisoma habari ya wajane wa Kiyunani, tunajua tumesimama upande gani wa meza.

Wasomaji wengine watauliza, je, Kanisa linasema ruzuku ziwepo au ziondolewe? Hatuna neno moja kwa ruzuku zote, na Maandiko hayatupi. Yusufu alitenga sehemu ya tano ya mavuno ya Misri katika miaka ya shibe, na ghala lile likaokoa maisha ya watu. Lakini someni pia Mwanzo 47. Watu walipouziwa nafaka ile ile iliyotoka mashambani mwao, walitoa fedha, kisha mifugo, kisha ardhi, mwisho nafsi zao. Ardhi ya makuhani peke yake haikuguswa. Sisi tunaovaa kanzu tusiupite upesi mstari huo.

Hata hapa kwetu jambo hili ni la kale. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye watu walimwita Baba wa Zawadi. Alitenga sehemu ya tano ya ngawira kwa ajili ya wale waliotajwa katika Kurani, na hakumnyima aliyemwomba. Lakini msafiri yule ameandika pia kwamba ngawira ile ilitokana na mashambulizi juu ya watu wa bara. Kila zawadi ya mtawala ina mahali ilikotoka. Kwa hiyo tukisikia ruzuku imetangazwa, kama ile ya mafuta ya mwaka 2022, Serikali ilipoahidi shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, yatupasa kuuliza maswali mawili: imetoka kwa nani, na inamfikia nani? Mwenye malori kumi hupata nafuu mara kumi. Lakini pia bibi asiye na gari hupanda gari, na mvuvi wa Kivinje hununua petroli ya mashine ya boti. Atakayeondoa na atakayeweka, wote wawili na wamtazame kwanza huyo wa mwisho.

Basi tufanye nini? Tumeyaona mambo matatu yaliyo mikononi mwetu, yasiyohitaji ruhusa ya Dodoma.

Kwanza, kila mmoja aandike miti aliyo nayo. Asiongeze hata mmoja. Aliyeandika zaidi mwaka jana aende arekebishe kabla ya mgao. Na aliye na mfuko usio haki yake aurudishe, au aupeleke kwa jirani aliyekosa. Zakayo hakutubu kwa machozi peke yake, alirudisha.

Pili, orodha isomwe kwa sauti mbele ya watu. Mitume waliita mkutano wote. Mtakatifu Paulo naye, alipopeleka mchango wa makanisa Yerusalemu, hakwenda nao peke yake, alitaka kazi ionekane safi mbele za Mungu na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8). Kama Paulo alitaka mashahidi, katibu wa kamati asione haya kuwa nao. Wakristo mlio katika vyama vya msingi na kamati za vijiji, ombeni daftari lisomwe. Mtachukiwa kidogo. Stefano alichukiwa zaidi.

Tatu, tuwatafute waliosahauliwa kabla hawajanung'unika. Halmashauri ya mtaa imeamua kwamba kabla ya kila mgao wazee wa kanisa, wawili wawili, watapita kwa wajane, wagonjwa na wazee, wawe wa dini yo yote, kuuliza kama majina yao yamo, na kama wana mtu wa kuwapulizia. Maana mfuko wa salfa mlangoni pa bibi wa miaka 75 asiye na mashine wala nguvu bado si msaada. Umoja wa Vijana, kazi hiyo ni yenu. Mikorosho 20 ni asubuhi moja.

Ndugu wapendwa, kila Jumapili tunaikaribia meza ambayo hakuna anayepewa kipande kikubwa kwa sababu ya cheo chake, wala anayerukwa kwa kuwa amekaa nyuma. Padre hupita mpaka mtu wa mwisho apate. Tukitoka hapo, tukagawe vivyo hivyo.

Tuombe.

Ee Mungu, uwaruzukuye viumbe vyako vyote, utusamehe tuliowasahau wajane wako. Uwape watawala wetu hekima ya kutoa na ya kuondoa bila kumwonea mnyonge. Usafishe mikono inayogawa na midomo inayoomba. Bariki maua ya mikorosho yetu, na utufanye tumkumbuke wa mwisho kwanza, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.